Mla Maini: Jina Lililommeza Mwenyewe

Katika somo la isimu huwa tunaanza kwa kuwafunza wanafunzi kwamba jina ni alama tu, na kwamba hakuna uhusiano wa lazima baina ya sauti zinazotamkwa na kitu kinachotajwa. Hayo ni kweli kwa mti na kwa jiwe. Kwa binadamu mambo hugeuka. Jina la mtu, hasa lile la kupachikwa, humtangulia aendako na hubaki nyuma anapoondoka. Wahenga walilitambua hilo waliposema kuwa jina jema hung'ara gizani. Lile baya hufanya nini hawakutwambia, na ndilo jambo ninalotaka tulitazame leo kupitia maisha ya Mmarekani mmoja, John Johnston, aliyefariki mwaka wa 1900 na ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mla Maini.

Huenda walimu na wanafunzi wengi wamekwisha kumwona bila kujua kuwa ni yeye. Mwaka wa 1972 ilitolewa filamu ya Jeremiah Johnson, iliyoongozwa na Sydney Pollack. Mhusika mkuu aliigizwa na Robert Redford, aliyefariki Septemba 2025. Filamu hiyo ilioneshwa mwaka huohuo katika tamasha la Cannes, Ufaransa, na hadi leo ina watazamaji wake. Ni kisa cha mwanamume anayeipa kisogo dunia ya watu na kupanda Milima ya Rocky ili aishi peke yake kwa kutega wanyama. Majira ya baridi ya kwanza nusura yamuue, mpaka mzee mmoja mwindaji wa dubu anapomfunza namna ya kuishi. Baadaye anajikuta ana mke, binti wa chifu wa watu wa Flathead, na mtoto wa kulea asiyesema. Watatu hao wanajenga nyumba ya magogo na kuanza kupendana pasipo lugha moja ya kuwaunganisha. Kisha wanajeshi wanamwomba awaongoze kwenda kuwaokoa wasafiri waliokwama thelujini, naye, shingo upande, anawapitisha katika makaburi matakatifu ya watu wa Crow. Anaporudi nyumbani anawakuta mke na mtoto wameuawa. Kuanzia hapo ni kisasi juu ya kisasi. Crow humjia mmoja mmoja, naye huwaua mmoja mmoja, hadi mwisho ambapo yeye na kiongozi wa Crow wanainuliana mikono kwa mbali.

Ni filamu nzuri, wala sikusudii kuibeza. Maneno yake ni machache na ukimya wake una uzito. Kwa mtu wa lugha kama mimi, ile sehemu ya mume na mke wanaofunzana neno mojamoja inatosha kuwa somo zima. Lakini filamu hiyo ilichotwa katika vitabu viwili, na hapo ndipo maini yanapoingia. Cha kwanza ni Crow Killer cha Raymond Thorp na Robert Bunker, kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Indiana mwaka wa 1958. Cha pili ni riwaya ya Mountain Man ya Vardis Fisher, iliyotoka mwaka wa 1965. Kitabu cha kwanza kinadai kuwa mwaka wa 1847 Crow walimuua mke wa Johnston akiwa mjamzito, na kwamba mume huyo aliapa kuliangamiza kabila zima. Inadaiwa aliwaua watu wapatao 300 kwa miaka mingi, na kila alipomwangusha mmoja alimpasua, akalitoa ini na kulila. Watengenezaji wa filamu waliuchukua msiba na kisasi, wakayaacha maini. Walijua kwamba shujaa mwenye damu ndevuni hapendwi na watazamaji.

Je, mtu mwenyewe alikuwa nani?

Husimuliwa kwamba alizaliwa jimbo la New Jersey yapata mwaka wa 1824, na kwamba jina la ukoo wake lilikuwa Garrison. Husimuliwa pia kuwa alikuwa baharia wa jeshi wakati wa vita vya Marekani na Mexico vya mwaka wa 1846 hadi 1848, kwamba alimpiga afisa wake, akatoroka, akajiita Johnston na kuelekea magharibi. Msomaji makini amekwisha kuona kasoro. Mtu aliyekuwa melini katika miaka hiyo hawezi kuwa milimani mwaka wa 1847 akimzika mke. Ngano hizi mbili zinapingana, na bado husimuliwa pamoja, aghalabu katika kurasa zilezile, kana kwamba mtu mmoja anaweza kuwa baharini na mlimani kwa wakati mmoja.

Lipo jambo jingine. Filamu inamwonesha kama mtegaji wa kale wa biva, yule mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya. Biashara hiyo ilistawi katika miaka ya 1820 na 1830. Kisha mtindo wa kofia ukageuka, hariri ikachukua nafasi ya manyoya, na biva wenyewe wakawa wameadimika kwa kutegwa kupita kiasi. Mkutano mkubwa wa mwisho wa wategaji, ambako waliuza ngozi na kununua mahitaji ya mwaka mzima, ulifanyika mwaka wa 1840. Wakati huo Johnston alikuwa kijana wa miaka kama 16. Alipofika magharibi, dunia ile ya wategaji ilikuwa imekwisha. Alikuja baada ya karamu, wageni wameondoka na sahani zimepanguswa.

Kwa hiyo alifanya kazi walizofanya maskini wengi wa magharibi. Aliwinda, alitega, alitafuta dhahabu. Mwaka wa 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, alijiandikisha mjini St. Louis katika Kikosi cha Pili cha Wapanda Farasi wa Colorado, kombania H, kwa cheo cha chini kabisa. Mwaka uliofuata aliachishwa kazi kwa heshima. Mwaka huo mmoja wa utumishi ndio uliomfaa kuliko yote, maana ndio uliompa kitanda cha kufia na shimo la kuzikwa, kama tutakavyoona. Tena katika daftari la jeshi jina lake limeandikwa Johnston, kwa herufi ya t katikati. Vitabu na filamu vilikuja kuiangusha herufi hiyo. Hata jina alilojichagulia mwenyewe hakuachiwa likiwa kamili.

Baada ya vita alirudi magharibi na kuwa mkata kuni kandokando ya Mto Missouri. Kazi hiyo yataka maelezo kidogo. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Montana mwanzoni mwa miaka ya 1860, na meli za mvuke zilipanda mto hadi Fort Benton zikipeleka watu na mizigo. Meli hizo zilikula kuni kama jiko la harusi. Watu wachache wachache walipiga kambi ukingoni, wakakata miti, wakapanga kuni na kuwauzia manahodha. Lakini miti ile ilikuwa ya wenyewe. Sioux waliona misitu ya mabondeni mwao ikikatwa, nyati wakifukuzwa, na meli zikiongezeka kila mwaka. Walishambulia, na wakata kuni wakapigana nao. Ilikuwa vita ya watu maskini wenye mashoka dhidi ya watu wanaonyang'anywa nchi, nao waliopata faida walikuwa mbali.

Katika mojawapo ya mapigano hayo, mwishoni mwa miaka ya 1860, karibu na mahali Mto Musselshell unapoingia Missouri, ndipo jina lilipozaliwa. Wapo wasimulizi wanaosema kuwa Johnston alimchoma mpiganaji wa Sioux kwa kisu, na kisu kilipotoka kilikuwa na kipande cha ini. Naye, kwa mzaha wa watu waliozoea kifo, akawageukia wenzake na kuwakaribisha kula. Baadhi husema alijifanya anakula. Wengine husema alikula kweli. Katika usimulizi huo hakuna mke aliyeuawa wala kiapo. Adui alikuwa Sioux na si Crow, na tukio lilikuwa moja.

Hapa naomba msomaji anivumilie niseme kama mwalimu wa sarufi. Kiswahili kina njia mbili za kumtaja mtu kwa kitendo chake. Tunaweza kusema mtu aliyeiba, na tunaweza kusema mwizi. La kwanza linataja tukio lenye wakati wake. Jana liliiba tumbo lenye njaa, leo huenda mtu huyo anafanya kazi ya halali. La pili halina wakati. Mwizi ni mwizi akiwa macho na akiwa usingizini. Ndivyo ilivyo kwa aliyekula na mla. Waswahili husema kuwa mla ni mla leo, mla jana kala nini? Methali hiyo huwakumbusha watu kuwa shibe ya jana haimshibishi mtu leo. Kwa Johnston ilipinduliwa. Yeye aliitwa mla kwa sababu ya jana moja, tena jana isiyokuwa na hakika, na akabaki mla mwaka hadi mwaka bila kuongeza tonge. Kiambishi kidogo cha umbo la neno kiligeuza mzaha wa dakika moja kuwa tabia ya maisha mazima.

Kwetu sisi jina hilo lina uzito zaidi. Ini katika Kiswahili ni makao ya hisia. Neno baya hukata maini. Mzazi humwita mwanawe kipande cha ini lake. Mtu anayeitwa mla maini, kwa sikio la Mswahili, ametuhumiwa kula kile kilicho ndani kabisa ya mwenzake.

Turudi kwa mtu wetu. Mwaka wa 1876 na 1877 serikali ya Marekani ilipigana na Sioux na Cheyenne katika nchi ya Mto Yellowstone. Johnston alilitumikia jeshi kama mpelelezi wa njia chini ya Nelson Miles. Nao Crow walikuwa upande gani? Walikuwa upande huohuo wa jeshi. Sioux walikuwa maadui wao wa siku nyingi waliokuwa wakizisogelea ardhi zao, na Crow walionelea heri kushirikiana na wazungu kuliko kumezwa. Wapelelezi wa Crow ndio waliomwongoza George Custer kuelekea Little Bighorn, alikouawa Juni 25, 1876. Basi fikiria, ndugu msomaji. Mtu anayedaiwa kuwaua Crow 300 na kuwala maini aliishi jirani nao na kupigana bega kwa bega nao. Ingekuwaje wamwache aondoke na uhai wake?

Hesabu nayo inakataa. Crow walikuwa watu maelfu machache tu, baada ya ndui kuwafyeka katika karne hiyo. Wanaume 300 wa kupigana wangalikuwa sehemu kubwa ya nguvu ya taifa zima. Vifo vya kiasi hicho, vilivyofanywa na mtu mmoja, vingalisimuliwa na wajane na mayatima wa Crow wenyewe. Badala yake kisa kilitoka midomoni mwa wazungu.

Kilitokaje? Sehemu ya jibu iko katika jukwaa la maonyesho. Mwaka wa 1884, akiwa na umri wa miaka kama 60, Johnston aliajiriwa katika kundi lililozunguka miji ya Marekani likiigiza maisha ya magharibi. Siku hizo watu wa mijini walilipa viingilio ili waone ng'ombe wakikamatwa kwa kamba na wenyeji wa asili wakipigana na wazungu kwa risasi zisizoua. Katika kundi hilo walikuwamo Crow, nao ndio waliocheza nafasi ya adui. Mzee wa miraba minne, mwenye ndevu na jina la kutisha, alipambana nao mbele ya watazamaji, kisha bila shaka wote wakaondoka pamoja kwenda kula chakula cha jioni. Watazamaji walirudi nyumbani wakiwa wamemwona Mla Maini akiwaua Crow kwa macho yao. Baada ya miaka kadhaa, nani angekumbuka kuwa ulikuwa mchezo? Lisemwalo lipo, husema Waswahili, na kama halipo laja. Hili halikuwapo, likatengenezewa tikiti, likaja.

Katika miaka hiyo ya 1880 Johnston alishika kazi ambayo haifanani hata kidogo na ya mla watu. Alikuwa naibu wa sherifu katika kijiji cha Coulson, Montana, ambacho kilikufa reli ilipokipita kando mwaka wa 1882 na mji wa Billings ukazaliwa jirani. Baadaye alikuwa askari mlinzi wa mji wa Red Lodge, mji wa wachimba makaa ya mawe chini ya milima. Aliishi humo katika kibanda cha magogo, na kibanda hicho kimehifadhiwa. Kazi yake ilikuwa kuwatuliza walevi na kuwatenganisha wagomvi. Kwa hiyo yule mpweke wa milimani alimaliza miaka yake ya nguvu akiwa mtumishi wa watu, mjini, kati ya majirani waliomjua.

Kisha uzee ukamfikia pasipo mke wala akiba. Mwezi wa Desemba 1899 alipelekwa California, kwenye makao ya askari wastaafu karibu na Los Angeles. Hakukaa. Januari 21, 1900, baada ya takriban mwezi mmoja, alifariki, akazikwa katika makaburi ya askari pamoja na wengine waliotumikia jeshi. Bahari ilikuwa karibu na milima yake ilikuwa mbali.

Hapo maisha yanaisha na jina linaendelea peke yake. Katika karne ya ishirini Thorp alimsikiliza mzee mmoja wa magharibi aliyekuwa na visa vingi, ambavyo naye alivipata kutoka kwa wazee wengine. Kutoka katika mnyororo huo ndipo kitabu cha 1958 kilipotungwa. Mwanafunzi aliyesoma fasihi simulizi akikifungua atakutana na sifa anazozijua: kifo cha mpendwa kinachoanzisha safari, kiapo, idadi ya kutisha, na wapiganaji 20 wanaotumwa kumwinda shujaa, kila mmoja peke yake, ili kila mmoja aangushwe kwa zamu. Hivyo ndivyo ngano za mashujaa zinavyojengwa duniani kote. Richard Dorson, bingwa wa taaluma hiyo nchini Marekani, alikiandikia kitabu hicho utangulizi, na hilo peke yake lingalitosha kumwambia msomaji alikuwa ameshika kitabu cha aina gani. Wasomaji wengi walikisoma kama historia.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Ngozi ya ngoma hii ilivutwa upande mmoja tu, na upande uliobaki ni wa watu wa Crow, ambao katika kisa hiki wamepewa kazi mbili: kuua mwanamke mjamzito na kufa. Hata jina wanaloitwa si lao. Wao hujiita Apsáalooke, yaani watoto wa ndege mwenye mdomo mkubwa. Wafaransa walilitafsiri jina hilo kwa ndege waliyemjua wao, Waingereza wakafuata, ndege akawa kunguru, na watu wakabaki Crow. Fauka ya hayo waliingizwa pamoja na mataifa mengine mamia katika jina Wahindi, kwa sababu baharia mmoja wa mwaka wa 1492 alidhani amefika Asia. Nasi katika Kiswahili tukalipokea kosa hilo na kuliongezea wekundu. Lugha yao ni ya ukoo mmoja na ile ya Sioux, na ndugu yake wa karibu zaidi ni Kihidatsa. Mkataba wa Fort Laramie wa mwaka wa 1851 uliwatambulia ardhi ya ekari zipatazo milioni 38. Ule wa mwaka wa 1868 uliwabakishia kama milioni 8, na baadaye zikapunguzwa tena na tena. Katika miaka ileile ambayo ngano inasema mzungu mmoja alikuwa akiwalipiza Crow kisasi kwa kumuulia mke, nchi ya Crow ilikuwa ikitwaliwa kwa kalamu. Nani basi alimtendea nani? Ngano ya Mla Maini hujibu swali hilo kinyume, na hiyo ndiyo sababu ninaiona si mchezo.

Kuna sura moja zaidi katika habari hii, na inawahusu walimu na wanafunzi moja kwa moja. Miaka miwili baada ya filamu kutoka, darasa la watoto wapatao 25 wa darasa la saba katika mji wa Lancaster, California, walijua kuwa mtu wa milimani amelala katika makaburi ya Los Angeles, karibu na kelele za barabara kuu ya magari. Wakaona si haki. Wakiongozwa na mwalimu wao walifanya kampeni ya miezi sita, wakaandika barua, wakaomba ruhusa, wakapata. Mwezi wa Juni 1974 mabaki ya Johnston yalihamishiwa Cody, katika jimbo la Wyoming, yakazikwa upya mahali penye kuitazama milima. Watu zaidi ya 2,000 walihudhuria, na Robert Redford alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Nimelifikiria sana tendo hilo la wanafunzi. Siwezi kuwalaumu. Watoto wa miaka 12 na 13 waliomhurumia mzee asiyekuwa na jamaa, wakajifunza kuandika barua kwa serikali na kushinda, walipata elimu ambayo mitihani haiwezi kuipima. Hata hivyo nauliza: walimzika nani? Mifupa ilikuwa ya mkata kuni, askari wa cheo cha chini, mlinzi wa mji wa makaa ya mawe. Umati ulikuja kumwaga yule wa sinema. Wageni wanaofika Cody hadi leo huuliza kaburi la Jeremiah Johnson, jina ambalo marehemu hakuwahi kuitwa na mama yake wala na jeshi. Jina la maini lilimmeza akiwa hai. La filamu likammeza akiwa kaburini.

Wapo watakaoniambia kuwa filamu ni sanaa, na kwamba msanii hafungwi na daftari la jeshi. Nakubaliana nao. Pollack na Redford hawakudai kuandika historia. Walibadilisha hata jina la mhusika, na mwisho wa filamu yao una amani ambayo kitabu cha kisasi kiliichelewesha. Kosa haliko kwa msanii anayebuni. Liko kwetu tunaopokea ubunifu na kuuweka katika rafu ya ukweli, hasa pale ubunifu huo unapowapaka damu watu ambao wajukuu wao wako hai, wanasoma, na huketi darasani wakisikia babu zao wakiitwa wauaji wa wajawazito.

Kwa walimu wa fasihi na wa historia nina pendekezo lisilohitaji fedha. Filamu au kisa cha shujaa kikifika darasani, wanafunzi na waulizwe maswali matatu. Nani alisimulia, naye alisikia kwa nani? Adui katika kisa hiki angesimulia vipi? Na ni jambo gani lingepaswa kuonekana mahali pengine kama kisa hiki kingekuwa cha kweli? Kwa maswali hayo matatu ngano ya Johnston haimalizi kipindi kimoja cha dakika 40, na bado filamu itabaki kuwa nzuri ya kutazamwa.

Swali la nne ni la walimu pekee, na linahusu ule mwanya mdogo baina ya aliyeiba na mwizi. Kila shule ina watoto waliopewa majina kwa tukio la siku moja. Aliyelala darasani mara moja huwa msinziaji. Aliyekosa hesabu moja mbele ya wenzake huwa mjinga. Aliyeokota kalamu isiyo yake huwa mwizi mpaka anamaliza shule. Mara nyingi aliyetoa jina ni mwanafunzi mwenzake, lakini aliyelithibitisha ni mwalimu, siku alipolitaja naye na darasa likacheka. Mwalimu anaweza kusema kuwa fulani hakufanya kazi yake leo. Sentensi hiyo ina mwisho, na kesho mtoto anaweza kuanza nyingine. Akimwita mvivu, amemfungia mahali pasipo na wakati. Johnston alikuwa mtu mzima mwenye kisu na bunduki, na hakuweza kulivua jina lake kwa miaka 30 iliyombakia. Mtoto wa darasa la tano atalivua kwa nguvu gani?